Je, Wajua? Vibaraka Watatu, Sauti Moja

Je, wajua kwamba Kevin, Stuart na Bob, vibaraka wa manjano wa filamu ya katuni ya Minions (2015), wote wametiwa sauti na mtu mmoja? Ni Pierre Coffin, Mfaransa aliyeiongoza filamu hiyo pamoja na Kyle Balda.

Lugha ya vibaraka hao ni mseto wa Kihispania, Kiitaliano, Kifaransa na nyinginezo. Kiindonesia nacho kimo: mama yake Coffin ni marehemu Nh. Dini, mwandishi mashuhuri wa riwaya wa Indonesia.

Katika filamu, shauku ya vibaraka hao ni kumtumikia mwovu kupita wote, lakini kila bwana wanamponza. Wanamwandalia Dracula sherehe ya kuzaliwa, wanafungua pazia, jua linampiga, anageuka vumbi! Mwaka 1968 wanampata Scarlet Overkill, anayelitamani taji la Malkia wa Uingereza.