Laptopu au mashine? Amua kabla hujapanda jukwaani

Ilikuwa saa nne usiku katika ukumbi mmoja mtaani Umoja, Nairobi. Watu walikuwa wamejaa pomoni na MC ameshanitaja jina. Nilipobonyeza wimbo wa tatu, laptopu ikaganda. Spika zikatoa mlio mmoja kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, halafu kimya.

"Buda, rudisha pesa!" kijana mmoja akapaza sauti. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kosa. Nilikuwa nimeacha laptopu ikitumia intaneti ya simu yangu, nayo ikaanza kujisasisha kimyakimya katikati ya shoo. Nililipwa nusu ya pesa tulizokubaliana, na sijawahi kuitwa tena pale.

Tangu siku hiyo nimejiuliza swali ambalo chipukizi wengi wanajiuliza: nibaki na laptopu au ninunue mashine?

Tuanze na laptopu. Ukiwa na programu kama Ableton Live, iliyoanza kuuzwa 2001, una studio nzima kwenye begi. Toleo dogo, Live Lite, huja bure na vinanda vingi vidogo vya MIDI. Midundo uliyotengeneza chumbani ndiyo unayopeleka jukwaani, bila kuhamisha chochote.

Tatizo ni kwamba laptopu inafanya kazi mia kwa wakati mmoja. Pia kuna kuchelewa kwa sauti. Ukiweka bafa ya sampuli 512, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, bafa hiyo pekee inachelewesha sauti kwa takriban milisekunde 12. Kama unarusha tu midundo iliyo tayari, hakuna atakayejua. Lakini ukipiga kinanda moja kwa moja, vidole vitahisi. Ishushe hadi 128 na ucheleweshaji huo utakuwa milisekunde 3 hivi, ila laptopu kuukuu itaanza kukwaruza.

Mashine nazo? Akai walitoa MPC60 mwaka wa 1988, na hadi leo ukoo wa MPC unapendwa kwa sababu moja: unagonga pedi, sauti inatoka. Hakuna barua pepe wala sasisho la ghafla. Halafu mashabiki wanaona mikono yako ikifanya kazi. Ukiinamia laptopu, wengine hudhani unajibu meseji.

Lakini pesa ya MPC mpya inaweza kununua zaidi ya laptopu moja ya mtumba. Na usidanganyike, MPC za kisasa ni kompyuta pia ndani, nazo zinaweza kuganda.

Halafu kuna stima. Hapa laptopu inashinda wengi. Stima ikipotea, spika zitazima, lakini laptopu yenye betri nzuri inabaki hai ikingoja jenereta. MPC Live ina betri yake, lakini MPC One haina. Hiyo ikizima, unaiwasha upya na kupakia kazi yako huku watu wakikutazama.

Mimi sikununua mashine. Nilibadilisha tabia. Siku ya shoo nazima intaneti kabisa, nafunga programu zote nyingine, na nafanya mazoezi ya shoo nzima mara mbili bila kusimama. Kama chaja inaleta mvumo kwenye spika, naichomoa na kutumia betri. Muhimu zaidi, shoo yote nimeirekodi kama faili moja kwenye simu, na simu imechomekwa kwenye mlango mwingine wa miksa. Laptopu ikizima, napandisha kitufe kimoja tu na muziki unaendelea.

Ukiwa na hela na unapenda kugonga pedi, nunua mashine. Kama mfuko umetoboka, laptopu yako inatosha. Ila chochote utakachobeba, beba na cha akiba. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi bado nashtuka nikiona kile kiduara kikizunguka.