Mzungu Naye Hulala Nje? Uhuru wa Kuhama Ulaya na Watu Wasio na Makao

Ndugu msomaji, mwambie mtu hapa shuleni kwamba Ulaya kuna watu weupe wanaolala juu ya maboksi mbele ya maduka, na atakucheka. Wengi wetu tunaijua Ulaya ya picha: theluji, magari ya kifahari na nyumba zenye moto wa kuota. Akisikia tena kwamba baadhi ya hao walalao nje wana vitambulisho halali, waliingia bila viza, na mpakani hakuna aliyekuwa na haki ya kuwarudisha, atazidi kushangaa. Nia yangu katika makala haya ni kulieleza jambo hilo. Imekuwaje mtu apewe haki ya kuishi katika nchi yoyote kati ya nchi 27, kisha akose hata pa kulaza ubavu?

Kwanza tuelewane kuhusu watu ninaowataja. Sisemi juu ya wakimbizi wanaovuka bahari ya Mediterania kwa mashua. Hao wana masaibu yao na sheria zao. Nasema juu ya raia wa Umoja wa Ulaya wenyewe, yaani mtu aliyetoka Poland akaenda Uholanzi, au aliyetoka Romania akaenda Ujerumani, kwa ruhusa ambayo haombwi na yeyote.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu akitaka kuielewa sheria ya Ulaya na aishike methali hiyo, kwa sababu sheria yao imejengwa juu ya jembe.

Mambo yalianza mwaka wa 1957, nchi sita zilipotia sahihi Mkataba wa Roma. Wakati huo viwanda na migodi ilihitaji mikono, basi ikakubaliwa kwamba mfanyakazi aweze kuvuka mpaka kuifuata kazi. Ilikuwa haki ya mfanyakazi. Mnamo mwaka wa 1992 ukaja Mkataba wa Maastricht, nao ukaleta jina jipya: raia wa Umoja wa Ulaya. Kuanzia hapo haki ya kuhama ikatajwa kuwa ya kila raia, mwenye kazi na asiye na kazi. Maneno matamu hayo, au sivyo?

Lakini hebu tazama masharti yaliyoandikwa katika sheria ya mwaka wa 2004, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo. Miezi mitatu ya kwanza, mgeni anahitaji kipande au pasipoti tu. Katika miezi hiyo serikali ya nchi aliyofikia hailazimiki kumpa hata senti moja ya msaada. Miezi mitatu ikiisha, ni lazima awe ameajiriwa, au amejiajiri, au ni mwanafunzi, au ana fedha za kumtosha pamoja na bima ya ugonjwa. Anayetafuta kazi kwa dhati na mwenye matumaini ya kweli ya kuipata hafukuzwi, lakini kutofukuzwa si kulishwa. Akikaa kihalali miaka mitano mfululizo, ndipo apate ukaazi wa kudumu.

Bila shaka unaliona jembe hapo. Mwenye kazi ni kama mwenyeji: akipungukiwa husaidiwa kama wengine. Asiye na kazi ana ruhusa ya kuwepo, basi. Je, mgeni akilitaka jembe na jembe lenyewe halipo? Au akalima vizuri tu, kisha likamvunjikia mkononi? Hapo ndipo penye kisa chetu.

Tarehe 1 Mei 2004 nchi kumi ziliingia katika Umoja wa Ulaya kwa siku moja. Nane kati yake zilikuwa zimetawaliwa na wakomunisti kwa miaka mingi, na mishahara yake ilikuwa midogo sana. Uingereza, Ireland na Uswidi zilifungua milango ya kazi mara moja, wengine wakangoja. Watu wakamiminika. Mwaka wa 2001 waliozaliwa Poland na kuishi Uingereza na Wales walikuwa kama 58,000. Sensa ya mwaka wa 2011 iliwakuta 579,000. Romania na Bulgaria zikaingia katika Umoja mwaka wa 2007, na vikwazo vya mwisho vya kazi dhidi ya raia wao vikaondolewa tarehe 1 Januari 2014.

Lazima niseme haki. Walio wengi walifaulu. Walijenga nyumba, wakauguza wagonjwa, wakavuna mboga na matunda, wakatuma pesa kwao, na wengine wakarudi makwao wamenona. Walioanguka ni sehemu ndogo ya wote waliohama. Lakini ukitembea usiku katika miji mikubwa ungewaona hao hao. Katika miaka ya 2010, takriban theluthi moja ya watu waliokutwa wamelala nje jijini London walikuwa wametoka Ulaya ya Kati na ya Mashariki. Huko Berlin, usiku mmoja wa Januari 2020, watu wa kujitolea walizunguka mji mzima wakahesabu watu 1,976 wasio na makao. Kati ya wale waliokubali kuulizwa maswali, karibu nusu walikuwa raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya.

Sasa wanaangukaje? Nimeona njia tano.

Kwanza, kitanda kufungwa pamoja na kazi. Uholanzi ina mawakala wengi wa ajira wanaowaleta watu wa Poland, Romania na Bulgaria kufanya kazi katika mabohari, machinjio na nyumba za vioo za kukuzia maua na mboga. Wakala ndiye mwajiri, na yeye huyo ndiye mwenye nyumba. Kodi hukatwa kwenye mshahara. Mtu akiumia mgongo au kazi ikipungua, hupoteza kazi asubuhi na kitanda jioni. Mwaka wa 2020 tume iliyoongozwa na mwanasiasa Emile Roemer iliionya serikali kwamba watu hawa wanafanywa raia wa daraja la pili. Tangu Julai 2023 sheria ya huko inataka mkataba wa nyumba utengwe na mkataba wa kazi. Ni hatua njema, ingawa kutengwa kwa karatasi hakumpi mtu kodi ya mwezi ujao.

Pili, anwani. Ujerumani mtu anatakiwa ajiandikishe mahali anapoishi. Bila anwani ni taabu kupata namba za kodi na karatasi nyingine, bila karatasi mwajiri mwaminifu hakutaki, na bila mshahara mwenye nyumba hakupangishi. Ni kama kuku na yai: kipi kitangulie?

Tatu, kazi isiyoandikwa. Sheria humlinda kwa muda mtu aliyeachishwa kazi bila kupenda, lakini sharti aonyeshe karatasi. Kibarua aliyelipwa mkononi jengoni, au aliyedanganywa na msimamizi kisha asilipwe kabisa, ataonyesha nini? Uingereza, kati ya mwaka wa 2004 na 2011, wafanyakazi wa zile nchi nane walitakiwa kujiandikisha kwa ada, na wafanye kazi iliyoandikishwa kwa miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kufikiriwa kupewa misaada mingi ya serikali. Basi mtu aliweza kubeba matofali miaka miwili, na kwenye vitabu vya serikali akaonekana hajafanya kazi hata siku moja!

Nne, aibu. Watu huuliza, kwa nini asirudi kwao, si basi la kwenda Warsaw lipo? Swali hili sisi Waafrika tunaweza kulijibu bila kwenda Ulaya. Aliyeagwa kwa shangwe hapendi kurudi mikono mitupu. Huko nyuma pengine ameacha deni, au mke na watoto aliowaahidi mengi. Hudanganya kwa simu kwamba mambo ni shwari, huku simu yenyewe ameichaji kituo cha treni. Siku zinapita, kipande kinaibwa, pombe inaingia kama blanketi, na ugonjwa wa mwili au wa akili unafuata. Hapo hata akitaka kurudi, hana nguvu za kupanga safari.

Tano, wako waliotoka kwao wakiwa tayari ni hohehahe. Wengi wa hawa ni Waroma, na usiwachanganye na Warumi wa kale. Waroma ni watu ambao asili yao ni Bara Hindi na ambao wamebaguliwa Ulaya kwa karne nyingi. Kwa familia nyingine za Kiroma huko Romania na Bulgaria, kuombaomba Uswidi au Uswisi kulileta zaidi ya kukaa kijijini bila kazi. Kumwambia mtu kama huyo arudi nyumbani ni kumwambia arudi kwenye kile alichokikimbia.

Serikali zimefanya nini? Nyingine zimefunga mfuko. Mnamo Novemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mama mmoja wa Romania aliyeishi Leipzig na mtoto wake mdogo. Mahakama ilisema Ujerumani inaweza kumnyima msaada kwa kuwa hakuwa na fedha za kumtosha wala hakuwa akitafuta kazi. Mwishoni mwa mwaka wa 2016 Ujerumani ikatunga sheria ya kuwanyima raia wasio na kazi kutoka nchi nyingine za Umoja misaada ya kawaida hadi watimize miaka mitano. Wanachopewa kwa kawaida ni posho ya kuwavusha kwa muda usiozidi mwezi mmoja, ili wajitayarishe kuondoka. Miji kama Hamburg hufungua mabweni majira ya baridi, kuanzia Novemba hadi Machi. Watu hulala usiku, asubuhi hutoka na mifuko yao wakangojee jioni.

Nyingine zikashika kiboko. Uingereza ilitangaza mwaka wa 2016 kwamba kulala nje ni kuitumia vibaya haki ya kuhama, ikawakamata watu na kuwarudisha makwao. Desemba 2017 Mahakama Kuu ya London ikasema jambo hilo ni kinyume cha sheria. (Uingereza yenyewe ilitoka katika Umoja mwaka wa 2020, na uhuru wa kuhama ukakoma huko mwisho wa mwaka huo.) Denmark ilitunga sheria mwaka wa 2017 ya kuwaadhibu wanaopiga kambi za kulala barabarani. Mji wa Eskilstuna, Uswidi, ulianza mwaka wa 2019 kumdai mwombaji kibali cha kronor 250. Hebu fikiri, leseni ya kuomba! Uswisi haimo katika Umoja, ila ina mapatano nao ya watu kuhama kwa uhuru. Huko Geneva mwanamke Mroma asiyejua kusoma alitozwa faini ya faranga 500 kwa kuomba barabarani. Aliposhindwa kulipa akafungwa siku tano. Januari 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema utu wake ulivunjwa.

Hata hivyo ipo mifano ya kutia moyo. Shirika la Barka la Poland, lililoanzishwa mwaka wa 1989, lilifika London mwaka wa 2007 na mbinu ya akili. Halikutuma askari. Lilituma watu waliowahi kulala nje wao wenyewe na kuisema lugha ya wale waliokuwa barabarani. Mtu wa namna hiyo akikwambia "twende nyumbani, kuna kazi na kuna mahali pa kukaa," huna haja ya kumwonea haya. Na wakati wa korona, Machi 2020, serikali ya Uingereza iliwaagiza wakuu wa miji wawaingize ndani watu wote waliolala nje. Katika siku chache maelfu waliwekwa katika hoteli, wakiwemo wale walioambiwa kila siku kwamba hawastahili msaada. Kumbe nafasi ilikuwapo! Mwezi Juni 2021 nchi zote za Umoja zikakubaliana mjini Lisbon zijitahidi kuukomesha ukosefu wa makao ifikapo mwaka wa 2030. Ahadi ni deni, tunangoja.

Yatuhusu nini sisi? Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inayotaja uhuru wa watu na wafanyakazi kuvuka mipaka. Ni jambo zuri na mimi naliunga mkono. Ila tujifunze mapema kwamba kufungua mpaka ni kazi rahisi kuliko zote. Swali gumu ni nani atamshika mkono mgeni atakapougua, atakapodhulumiwa mshahara, au kazi itakapokwisha: nchi alikotoka, nchi aliko, au zote mbili? Ulaya haikulijibu vizuri swali hilo, na kila upande umekuwa ukimsukumia mwenzake mzigo.

Nikikunja jamvi, nairudia methali yetu. Wengi huisoma kama onyo kwa mgeni mvivu. Isome tena uone inamwambia nani. Haisemi mgeni atafute jembe. Inamwambia mwenyeji: mpe.