Programu za Kusoma Skrini na Maandishi Tunayowapa Wanafunzi

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe. Katika jaribio la sarufi niliwapa wanafunzi swali la kawaida: "Taja aina za maneno yaliyopigiwa mstari katika sentensi: Mtoto mdogo analia sana." Niliyapigia mstari maneno mdogo na sana. Mwanafunzi mmoja asiyeona, ambaye hufanyia majaribio kwenye kompyuta, alitaja aina za maneno yote manne. Nilimkata alama kwa kutofuata maagizo. Baadaye alikuja ofisini akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, yaliyopigiwa mstari yalikuwa yapi? Kompyuta yangu haikuniambia."

Alama zake nilizirudisha, lakini swali lake lilinilazimu kujifunza jinsi kompyuta inavyomsomea mtu asiyeona. Niliyojifunza yanatuhusu sote tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda, pamoja na wanafunzi watakaokuwa walimu kesho.

Programu ya kusoma skrini ni nini?

Ni programu inayoyageuza maandishi ya skrini kuwa sauti, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Mtumiaji hatumii kipanya, bali huenda kwa vitufe vya kibodi: herufi kwa herufi, neno kwa neno au aya kwa aya. Programu ya JAWS ni kongwe na huuzwa. NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, na inaweza kuwekwa kwenye flashi na kutumiwa katika kompyuta yoyote ya Windows bila kusakinishwa. Kwa mwanafunzi anayetegemea chumba cha kompyuta cha chuo, hilo ni jambo kubwa.

Programu hizi husoma maandishi, lakini kwa kawaida hazitaji sura ya maandishi. Rangi, mstari chini ya neno na ukubwa wa herufi hupita kimya, isipokuwa mtumiaji ameagiza vitajwe. Katika NVDA anaweza kubonyeza Insert na F ili ajue sura ya herufi mahali alipo, lakini ni nani atakayefanya hivyo kwa kila neno huku saa ya mtihani ikikimbia?

Lugha ya sauti

Kompyuta nyingi huanza na sauti ya Kiingereza. Sauti hiyo ikikutana na Kiswahili, "wake" katika "mke wake" husomwa kama neno la Kiingereza la kuamka, na "pole" husomwa kama nguzo. NVDA huja na sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Mwalimu naye anaweza kusaidia: katika Word, chagua maandishi yote kwa Control na A, kisha katika menyu ya Review uweke lugha ya maandishi kuwa Kiswahili. Programu iliyoruhusiwa kubadili lugha yenyewe itafuata alama hiyo, na palipo na sentensi ya Kiingereza iliyowekewa lugha yake, itageuza sauti.

Mambo ya kuzingatia katika Word

1. Vichwa vya habari. Wengi wetu huandika kichwa kwa kukikoza wino na kukikuza. Kwa jicho ni kichwa. Kwa programu ni aya kama aya nyingine. Tumia mitindo iliyomo katika Word: Heading 1 kwa sura, Heading 2 kwa sehemu. Mwanafunzi wa NVDA akibonyeza Insert na Space, kisha H, huruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Bila hivyo, anayetafuta sura ya nne ya tasnifu hulazimika kusikiliza tatu zilizotangulia.

2. Maswali ya sarufi. Badala ya kupiga mstari, taja neno lenyewe: "Taja aina ya neno mdogo na neno sana katika sentensi ifuatayo." Vivyo hivyo, pengo la kujazwa lililoandikwa kwa nukta au vistari huweza kupita bila kusikika, na sentensi ikaonekana kamili. Andika "pengo la 1", "pengo la 2".

3. Uchanganuzi wa mofimu. Tunapoandika a-na-m-pig-i-a, NVDA katika mpangilio wake wa kawaida haitaji vistari, na kilichobaki ni sauti zisizoeleweka. Mwanafunzi anaweza kubonyeza Insert na P ili kuongeza kiwango cha alama zinazotajwa. Mwalimu naye anaweza kuweka mofimu katika jedwali la safuwima mbili, mofimu na kazi yake, lenye safu ya kwanza iliyotambulishwa kuwa ya vichwa. Hapo a- ni nafsi, -na- ni njeo, -m- ni mtendwa, -pig- ni mzizi, -i- ni kauli ya kutendea, na -a ni kiishio.

4. Michoro ya matawi. Mchoro wa matawi ni picha, na picha isiyo na maelezo hutajwa kuwa "picha" tu. Toa pia muundo wa mabano: [S [KN Mtoto] [KT analia]]. Mabano nayo yanahitaji kiwango cha alama kiongezwe, kwa hiyo mkumbushe mwanafunzi kabla ya kipindi.

5. Ushairi. Andika kila mshororo na umalizie kwa Shift na Enter; mwisho wa ubeti ubonyeze Enter peke yake. Kwa njia hiyo ubeti mzima huwa aya moja, na mwanafunzi huruka kutoka ubeti hadi ubeti kwa Control na mshale wa chini. Ukwapi na utao vitenganishwe kwa mkato, visisukumwe mbali kwa nafasi nyingi.

6. Masahihisho. Kusahihisha rasimu ya tasnifu kwa maandishi mekundu hakumsaidii asiyeona. Tumia sehemu ya maoni ya Word, kwani programu humwambia kuwa hapo pana maoni na kumsomea.

Aina za faili

Faili ya DOCX, ambayo Word imeitumia kama aina yake ya kawaida tangu toleo la 2007, ndiyo rahisi zaidi kwa kazi za darasani: huhifadhi vichwa, majedwali na lugha, na mwanafunzi anaweza kuandika majibu humo humo. Faili ya TXT hufunguka popote, lakini haina vichwa wala majedwali. EPUB hufaa kwa vitabu virefu.

PDF ndiyo inayotuchanganya, kwa kuwa jina moja hubeba vitu viwili tofauti. Kurasa za kitabu zilizopitishwa kwenye skana ni picha tupu. Jaribu kutafuta neno kwa Control na F. Lisipopatikana neno unaloliona kwa macho yako, basi huenda programu nayo haioni kitu. Kuna programu za kutambua herufi katika picha, lakini hukosea, hasa nakala ikiwa hafifu, hivyo lazima mtu asahihishe. PDF inayotokana na Word inaweza kusomeka vizuri, mradi uihifadhi kwa Save As na kuacha alama za muundo katika chaguo zake. Ukiipitisha kwenye njia ya kuchapa, vichwa na majedwali huweza kupoteza alama zao. Iliyo salama ni kumpa mwanafunzi DOCX pamoja na PDF.

Hitimisho

Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na mwaka 2018 ikajiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaolenga kurahisisha utengenezaji wa nakala za vitabu zinazosomeka na wasioona. Hata hivyo, mkataba hauwezi kutuandikia karatasi ya mtihani. Kazi hiyo ni yetu.

Ninapendekeza jaribio dogo. Kabla ya kutoa kazi yoyote, iweke NVDA isome, kisha uzime skrini na usikilize. Kama wewe uliyeitunga huwezi kuijibu, usimkate mwanafunzi alama. Wenzangu wenye uzoefu wa jambo hili wanakaribishwa kuuandika katika toleo lijalo.