Bakteria wa Kuku na Safari ya Ngara

Kifaranga wa kienyeji anayeanguliwa Ngara au Biharamulo, Tanzania, hurithi kinga ya tumbo kwa mama yake: akidonoa pale mama anapochakura, humeza bakteria wanaotanda utumboni na kuwabana wale wa maradhi. Chotara wa Sasso au Kuroiler hukosa urithi huo. Hutotolewa kwa mashine, husafirishwa ndani ya boksi, na hufika bandani tumbo likiwa halijapata walinzi.

Pengo hilo ndilo soko la probaiotiki, yaani bakteria hai wa manufaa wanaolishwa kuku.

Mwaka 1973 watafiti wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kuwa vifaranga waliolishwa bakteria kutoka utumbo wa kuku wakubwa huhimili salmonela. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo, Januari 2006, watengenezaji wa vyakula vya kuku walipata sababu nyingine ya kuwatafuta bakteria hao. Kwetu, wafugaji wengi bado hukimbilia antibiotiki ya OTC kuku wakiharisha, na usugu wa dawa unazidi kujengeka.

Maabara zimeenda mbali zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya bakteria aliyebadilishwa vinasaba ili atoe kemikali ya kuua salmonela. Alipunguza vimelea hivyo kwenye matumbo ya bata mzinga. Nchini Tanzania bidhaa ya namna hiyo ingelazimika kupita kwenye kanuni za usalama wa kibayolojia za mwaka 2009, na mwaka 2018 serikali ilisimamisha majaribio ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba (GMO).

Kwa hiyo fursa ya sasa iko kwa bakteria wa asili, na kikwazo chake ni safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200. Bakteria wa Lactobacillus hudhoofika kwenye joto la njiani. Wale wa Bacillus hujifungia ndani ya ganda gumu na kuhimili joto hilo. Chanjo ya kideri ya I-2 ilifaa vijijini kwa sababu hiyohiyo: inastahimili joto.

Chakula hubeba sehemu kubwa ya gharama za ufugaji, hivyo, ili ajue kama bakteria hao wanamlipa, mfugaji apime kilo za chakula kwa kilo ya nyama katika makundi mawili, moja likipewa bakteria na jingine bila. Asichanganye bidhaa hiyo na OTC wala maji yenye klorini, maana vyote viwili huweza kudhuru bakteria alionunua. Na muuza pembejeo wa Biharamulo adai lebo inayotaja aina ya bakteria, idadi ya walio hai na tarehe ya mwisho wa matumizi.