Kazi Ikikatika, Karatasi Ndiyo Shahidi

Mwezi unapokwisha bila mshahara, mama wa nyumba ndiye wa kwanza kujua. Yeye ndiye huona maharage yanavyopungua katika gunia, ndiye hukutana na mwenye nyumba mlangoni, na ndiye huulizwa na watoto habari ya madaftari ya shule. Baba huendelea kusema, "Wameniambia nirudi wiki ijayo." Wiki ijayo hufika, naye huambiwa arudi tena.

Mjini Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu, hali hii si ngeni. Gisenyi ni mji wa ziwa na wa mpaka. Riziki ya wakazi wake wengi hutoka katika hoteli za ufukoni mwa Ziwa Kivu, katika kiwanda cha bia kilichoanza kazi mwaka 1959, katika chai ya Pfunda, na katika biashara na mji jirani wa Goma. Kwa hiyo tukio moja laweza kutikisa nyumba nyingi kwa mara moja. Mwezi wa Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na hoteli zikakosa wageni. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka upande wa Kongo, na matetemeko yaliyofuata yakapasua kuta za nyumba mjini Gisenyi. Mwanzoni mwa Mei 2023 mto Sebeya ulifurika na kuharibu makazi na mali. Kila msukosuko wa namna hiyo huacha watu ambao asubuhi hawana tena mahali pa kwenda kazini.

Wengi wa watu hao hudhani kwamba ipo ofisi ya serikali ya kuwalipa fedha mpaka wapate kazi nyingine. Hapana budi jambo hili lielezwe wazi: nchini Rwanda hakuna mfuko wa bima ya kukosa kazi. Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, ulitaja matawi tisa ya hifadhi ya jamii, na malipo ya kukosa kazi ni mojawapo. Rwanda inayo matawi ya uzeeni, ya ajali na maradhi ya kazini, ya uzazi na ya matibabu. Tawi la wasio na kazi bado halijaanzishwa.

Jirani zetu wa Tanzania wanalo. Kwa sheria ya mwaka 2018, mwanachama aliyepoteza ajira bila kujiuzulu, naye amechangia kwa miezi isiyopungua 18, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita. Anayevuka mpaka akisikia habari hizo asidhani kwamba zinamhusu pia mfanyakazi wa Rubavu.

Je, mfanyakazi wa Rubavu hana haki yoyote? Anayo. Lakini haki yake imegawanyika katika milango mbalimbali, na anayebisha mlango usio wake hupoteza wiki nyingi bure.

MLANGO WA MWAJIRI

Mlango wa kwanza ni wa mwajiri mwenyewe. Sheria ya kazi Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inamtaka mwajiri atoe notisi kabla ya kumwachisha mtu kazi: siku 15 kwa aliyefanya kazi chini ya mwaka mmoja, na siku 30 kwa aliyetimiza mwaka au zaidi. Asipotoa notisi, hulipa fedha badala yake. Siku za likizo ambazo hazikuchukuliwa nazo zina malipo.

Juu ya hayo ipo imperekeza. Kwa Kinyarwanda neno hili lina maana ya kumsindikiza mtu anayeondoka. Hupewa mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi isiyopungua 12, akaachishwa kwa sababu za kiuchumi, mabadiliko ya mitambo, au ugonjwa. Kiasi chake hufuata miaka ya kazi: mshahara wa mwezi mmoja kwa aliyetumika chini ya miaka mitano, wa miezi miwili kwa miaka mitano hadi 10, na kuendelea hivyo mpaka miezi sita kwa aliyevuka miaka 25. Fedha hizo zapasa kulipwa katika siku saba za kazi tangu kuachishwa.

Uchukuliwe mfano wa mpishi wa hoteli. Ametumika miaka saba, na mishahara yake ya miezi 12 ya mwisho, ikigawanywa kwa 12, ni faranga 90,000. Imperekeza yake ni faranga 180,000. Kama hakupewa notisi ya siku 30, huongezewa mshahara wa mwezi. Jumla ni faranga 270,000, mbali na likizo. Kwa nyumba yenye watoto wanne, hiyo ni miezi kadhaa ya chakula na pango.

Mpishi huyo huyo aweza kupoteza imperekeza yote kwa saini moja. Aghalabu mtu akiitwa ofisini huwekewa karatasi mezani na kuambiwa, "Tia saini hapa upesi, tukupe chako." Asiposoma, aweza kukuta baadaye kwamba ametia saini barua ya kujiuzulu. Anayejiuzulu hahesabiwi kuwa ameachishwa, wala hana imperekeza. Yafaa basi karatasi isomwe neno kwa neno. Asiyejua lugha yake aombe kwanza asomewe na mtu anayemwamini. Kuomba muda wa kusoma si utovu wa adabu.

Lipo pia neno "kusimamishwa". Kwa sababu za kiuchumi au za kiufundi, mwajiri aweza kusimamisha mkataba kwa muda usiozidi siku 90 katika mwaka. Siku hizo zikipita bila mfanyakazi kurudishwa, mkataba huhesabiwa umevunjika, na haki za aliyeachishwa huanza. Anayeketi nyumbani mwezi wa tano akingoja kuitwa, na hana barua mkononi, huwa anangoja kitu ambacho sheria imekwisha kukitolea uamuzi.

MLANGO WA HIFADHI YA JAMII

Mlango wa pili ni wa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB. Wazee wengi bado huiita Caisse Sociale, jina la shirika lililoundwa mwaka 1962, ambalo liliunganishwa na shirika la bima ya matibabu la RAMA kuunda RSSB kwa sheria ya mwaka 2010. Aliyeachishwa kazi hukimbilia huko akitaka arudishiwe michango yake. Hujibiwa kwamba haiwezekani, naye huondoka akiwa na hasira. Kumbe michango ya pensheni haitolewi kwa sababu mtu amekosa kazi tu. Hungoja umri wa miaka 60, au sababu nyingine zilizotajwa na sheria, kama vile ulemavu.

Hata hivyo safari hiyo isiwe ya bure. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni ni asilimia 12 ya mshahara: nusu hukatwa mfanyakazi, nusu hutolewa na mwajiri. Kwa mshahara wa faranga 90,000, ni faranga 10,800 kila mwezi. Kukatwa si sawa na kufikishwa. Fedha iliyokatwa isipopelekwa, mfanyakazi haoni tofauti yoyote katika mshahara wake. Huiona siku ya kustaafu.

Na siku hiyo hesabu ni kali. Mwenye miaka 15 ya michango, yaani miezi 180, hulipwa pensheni kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Mwenye miezi 172 hupewa malipo ya mara moja tu. Miezi minane ambayo haikuandikwa yaweza kumnyima mzee pensheni ya maisha. Kwa hiyo anayeachishwa aombe RSSB taarifa ya michango yake mapema, ailinganishe na karatasi zake za mshahara, na kama kuna pengo, alidai wakati mwajiri angali yupo na makarani wangali wanamkumbuka. Anayetaka kutimiza miaka iliyobaki aulize pia habari ya kuendelea kuchangia kwa hiari.

MLANGO WA MKAGUZI WA KAZI

Mwajiri akikataa au akichelewesha, njia imepangwa. Shauri huanza kwa wajumbe wa wafanyakazi mahali pa kazi. Wakishindwa kupatanisha, hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Mkaguzi huziita pande zote mbili na kutafuta suluhu. Ikishindikana, shauri huenda katika Mahakama ya Kati ya Rubavu, iitwayo kwa Kinyarwanda Urukiko Rwisumbuye. Anayeruka hatua hurudishwa nyuma, na huko ndiko kuchelewa kwa kujitakia.

Kila afisa atamuuliza mlalamikaji swali moja: "Uko wapi ushahidi?" Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa mdomo haupasi kuzidi siku 90; mkataba wa muda mrefu zaidi ni lazima uandikwe. Hata hivyo wapo wapishi, walinzi na wapagazi wanaotumika miaka mingi bila karatasi yoyote. Hao huanza shauri lao kwa kutafuta mashahidi, na mashahidi nao wanaogopa kupoteza kazi zao.

BAHASHA YA NYUMBANI

Dawa ya kuchelewa huandaliwa wakati kazi ingalipo. Kila nyumba iwe na bahasha moja, ihifadhiwe mahali pakavu. Ndani yake uwekwe mkataba wa kazi, karatasi ya mshahara ya kila mwezi, nambari ya RSSB, na nakala ya kila barua. Mama ajue ilipo na kilichomo, kwani baba aweza kuugua, au kufa, na mjane ndiye atakayeulizwa.

Barua ya kuachishwa iombwe kwa maandishi, yenye tarehe na sababu. Cheti cha utumishi nacho kidaiwe. Kila anapokwenda ofisini, mdai aandike katika daftari tarehe, jina la afisa aliyemwona, na alichoambiwa. Anayepeleka ombi abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwenye nakala hiyo hawezi kuambiwa kwamba hakuwahi kufika.

Bima ya matibabu nayo isisahauliwe. Anayepoteza bima ya kazini aende mapema kuandikisha watu wa nyumba yake katika mutuelle, kabla mtoto hajashikwa na homa. Na kwa kuwa fedha za kudai huchelewa, akiba ndogo ndiyo hushika nyumba: kikundi cha mtaani, likelemba ya akina mama, au Ejo Heza, mpango wa akiba ya muda mrefu ulioanzishwa Desemba 2018, unaompokea hata asiye na mwajiri.

Aliyepoteza kazi asione haya kudai. Imperekeza si sadaka ya mwajiri, na pensheni si zawadi ya karani. Zote mbili zimetokana na jasho lake. Jioni ya leo, kabla ya kulala, baba na mama waitafute bahasha hiyo. Wakikuta karatasi imepungua, kesho waende kuiomba.