Mia Mbili ya Mlangoni

Mimi nakaanga vibua na tasi ufukweni Bagamoyo, jirani na forodha ya zamani ya Wajerumani. Daftari langu lina kuni, mafuta, unga na choo. Mia mbili kila ukiingia; mimi na binti yangu, mara tatu tatu, ni elfu moja na mia mbili. Hiyo ni hela ya kibua! Na siku nyingine ndani unakuta ndoo tupu, kopo limepasuka.

Nani kapanga? Nilidhani mzee wa mlangoni mwenye kisanduku. Kumbe choo ni cha halmashauri, na ada yake hupita kwenye sheria ndogo, chini ya sheria ya serikali za mitaa ya 1982. Wananchi hutangaziwa kwanza, mwenye pingamizi aandike. Madiwani wanapitisha, waziri anaridhia, ndipo inachapwa kwenye Gazeti la Serikali. 

Matangazo hubandikwa ubaoni, saa ambazo sisi tuko motoni. Safari hii nimemtuma binti akasome. Mezani pangu nimeweka karatasi na kalamu, chini ya chupa ya pilipili.