Petrole ya Kindu si petroli ya Kigoma

Jirani yetu mmoja hapa komini ya Kasuku alipokea karto kutoka kwa mume wake. Mzee ni kreseri, anachimba kasiterite upande wa Kailo, na mwezi ule shimo lilimpa kidogo. Akampigia simu mchuuzi mmoja anayefanya safari za Kalemie na Kigoma, akamwomba amletee mama "jiko nzuri ya kisasa". Nyumbani wote wakangojea mbabula. Karto ilipofunguliwa, ndani mulikuwa chombo cha bati chenye tambi zilizopangwa mviringo na tangi chini yake. Ni ile ambayo wengi hapa tunaita resho ya petrole.

Mama hakukasirika. Makala ni bei, na msimu wa mvua ni bei zaidi. Taabu ilianza alipomwambia mtoto wake wa sekondere asome maandishi ya kwenye karto. Kulikuwa Kichina, kulikuwa Kingereza, na chini kabisa mistari michache ya Kiswahili cha Tanzania: tumia mafuta ya taa tu, usitumie petroli.

"Mafuta ya taa njo nini?" mama akauliza. "Taa yetu inakula jua." Maana pale kwao, kama kwa wengi siku hizi, taa ni ile ya panneau. Mtoto akasema labda ni petrole. "Lakini banasema petrole hapana! Basi banataka esanse. Njo ya kisasa."

Akampa mtoto bido ya litri moja, akamtuma kwa Kadhafi wa pa kona, yule anayeuza esanse mu chupa pembeni ya njia.

Sisi tulikuwa pale tunangojea moto yetu ijazwe. Kadhafi akamwuliza mtoto: "Ya moto ya nani?" Mtoto akajibu: "Si ya moto. Ya kupikia." Kijana yule akaacha kumimina, akafunga chupa yake, akasema: "Ambia mama akuye mwenyewe." Hakusema neno lingine. Tulimfuata mtoto mpaka nyumbani na tukaisoma karto kwa macho yetu. Aliyeandika hakukosea. Na mama aliyesoma, kwa Kiswahili chake yeye, hakukosea pia.

Sababu yenyewe ni hii. Sisi wa Kongo tulipokea neno kutoka Kifaransa, na kwa Kifaransa pétrole ya dukani ni ile ya kuwasha taa. Watanzania, Wakenya na Waganda walipokea neno lao kutoka kwa Waingereza, na kwa Mwingereza petrol ni ile inayotembeza gari. Maneno mawili yanasikika kama mapacha, lakini yako mu bido tofauti. Petroli yao ni esanse yetu. Petrole yetu ni mafuta ya taa yao. Dizeli yao ni mazutu yetu, na hapo kwa bahati hakuna linalofanana na lingine.

Kingereza chenyewe hakikusaidii, hata kama mtoto anakisoma. Yale mafuta ya taa, Mwingereza anayaita "paraffin" na Mmarekani "kerosene". Ukimwendea mtu wa Kifaransa na neno parafini, atafikiria nta ya mishumaa. Esanse nayo, Mmarekani anaiita "gasoline", na akiwa na haraka anakata, anasema "gas" tu, ingawa haiko gesi hata kidogo. Kwa hiyo karto moja inaweza kusema kweli kwa lugha tatu na bado ikamchoma msomaji.

Na kuchoma si maneno ya mchezo. Petrole inahitaji joto la nyuzi 38 hivi, au zaidi, ndipo mvuke wake uweze kushika moto. Njo maana inapanda polepole kwenye tambi na kuwaka kwa utulivu. Esanse haingojei. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali isiyofika hapa kwetu kamwe, nyuzi 40 chini ya sufuri. Sasa fikiria tangi la bati lililo chini ya moto, mu nyumba ya Kasuku, saa sita ya jua. Esanse ikiwa humo, kibiriti hakitawasha tambi peke yake. Na si lazima bido ijae esanse tupu. Ile ya kuchanganya kidogo, kwa sababu bido jana ilibeba ya moto na leo inabeba ya kupikia, nayo ni hatari vilevile.

Lakini kosa la jirani yetu halikuanzia kwenye bido. Lilianzia kwenye simu, kwa neno jiko. Mume alisema jiko kwa sababu aliongea na mtu wa safari za Kigoma, akataka kusema Kiswahili "safi". Nyumbani angesema mbabula, na mchuuzi angejua kwamba ni cha makala. Kule Tanzania jiko ni kila kitu cha kupikia: la mkaa, la gesi, la umeme, la mafuta ya taa, hata yale mafiga matatu. Makala yetu wao wanaita mkaa. Na chumba cha kupikia nacho ni jiko. Tena mwanaume akioa, wenzake wanasema amepata jiko! Kijana wa Kindu akifika Kigoma na kutangaza sokoni kwamba anatafuta jiko, asishangae wamama wakicheka.

Sisi hapa neno jiko tuko nalo, lakini limebaki nyumbani kwake: jikoni, mahali mama anapopikia. Chombo chenyewe ni mbabula. Na hili neno mbabula limetembea kuliko wengi wetu. Kinshasa, kwa Kilingala, wanasema mbabola. Rwanda na Burundi ni imbabura. Ukishuka Zambia na Malawi utakuta mbaula. Na kule Afrika ya Kusini kabisa, bati lililotobolewa matundu ambalo watu wanaotea moto wakati wa baridi linaitwa imbawula.

Angalieni vizuri njia hiyo, ninyi watu wa shimo. Johannesburg, Copperbelt ya Zambia, Katanga, kisha huku kwetu: ni njia ya migodi. Union Minière ilianzishwa Katanga mwaka 1906. Watu wake wa kazi wa kwanza wengi walitoka upande wa Zambia ya leo, na katika miaka ya 1920 ilichukua watu Kasai na hata Rwanda na Burundi. Walikaa mu kambi moja, wakapika pembeni ya moto mmoja, na mikataba ilipokwisha wengi wakarudi kwao, na maneno yao pia. Kindu nayo iko kwenye mwisho wa reli inayotoka kule kusini. Mfanyakazi aliyeshuka gari-moshi hapa hakuleta mshahara tu.

Hata hivyo sisi hatukubali kwamba mbabula ni mgeni. Msikilize mtu wa pwani akisema ngozi imebabuka kwa moto, au akimbabua ndege kuondoa manyoya. Kitenzi anacho: kubabua. Na mnajua tofauti yetu na wao: wao wanasema fungua, wengi wetu tunasema fungula. Wao pasua, sisi pasula. Rudisha ile "l" waliyoitupa njiani, babua inakuwa babula, na kitu cha kubabulia ni mbabula. Kwa maoni yetu neno ni la zamani kuliko migodi yote. Migodi iliitembeza tu.

Kiswahili chenyewe kilifika Maniema karne ya 19 na misafara iliyopita Ujiji, ambayo leo iko ndani ya mji wa Kigoma, mpaka Nyangwe na Kasongo. Kwa hiyo tulichukua lugha kwa watu wa njia ileile ambayo karto ya jirani ilipitia. Lakini lugha ikifika pahali inapika chakula cha pale.

Pwani kwenyewe hawakubaliani. Kamusi zao zina neno seredani, chombo cha makala cha wazee, ambalo vijana wa mjini wengi hawalisemi tena. Kenya na Uganda utasikia sigiri, neno lililokuja na Wahindi. Nairobi wakisema meko, neno ambalo kwa asili ni wingi wa jiko, wanamaanisha ule mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa cha kupikia juu yake. Wakisema stovu, wengi wanamaanisha ile ya mafuta ya taa, yaani ndugu wa resho ya jirani yetu. Tanzania serikali na mashirika wanahubiri "majiko banifu". Tulipomsomea fundi mmoja wa malata hapa Kasuku neno hilo, akasema banifu hamjui, anajua mteja anayetaka makala yake isiishe mbio. Ni kitu kilekile: jiko linalobana makala. Lililo maarufu ni lile la Kenya la miaka ya 1980, kiuno chembamba, bati nje na udongo uliochomwa ndani, ambalo wazo lake lilichukuliwa kutoka Thailand. Udongo unashika joto, makala inakaa. Fundi wetu naye anaweka udongo mu mbabula yake kama mteja analipa. Anaiita tu mbabula ya udongo.

Waingereza na Wamarekani nao wako na palabre yao. Kile Mmarekani anakiita "stove", Mwingereza anakiita "cooker". Mwingereza akisema "grill" mu nyumba, moto uko juu na nyama iko chini. Mmarekani akisema "grill", moto uko chini, na ule wa juu anauita "broiler". Nao walisoma mashule! Mtu asituambie basi kwamba Kiswahili cha Kongo njo kiliharibika peke yake.

Turudi kwenye karto, kwa sababu kulikuwa mstari mwingine ambao mama aliurukia: usitumie jiko hili ndani ya chumba kilichofungwa. Yeye alisikia "jiko" akawaza jikoni, akaona mstari hauna maana: jikoni usitumie jikoni? Huo mstari unatuhusu hata sisi wenye mbabula, na mbabula ya fundi wa malata haiandikwi kitu. Makala inayowaka mu chumba kisicho na hewa inatoa oksidi ya kaboni, ambayo haina harufu, haina rangi, haipigi macho kama moshi wa kuni. Makreseri wanajua hewa mbaya ya shimoni, wanajua kichwa kinavyouma na magoti yanavyolegea, na hawashuki kama hewa haiko. Lakini tumeona mu vibanda vya bashi kule kwenye machimbo watu haohao wakiingiza mbabula ndani usiku wa mvua, wakafunga bashi mpaka chini na kulala. Makala iliyobaki nyekundu bila moshi njo wanaiona salama. Itoe nje. Ukiamka na kichwa kizito na wenzako nao vilevile, si malaria ya wote kwa usiku mmoja: tokeni kwanza kwenye hewa, mjadiliane nje.

Kuhusu kuagiza, jirani yetu na mume wake walipatana kwa simu, sisi tukisikiliza. Ataacha kusema jiko peke yake. Atasema la makala, la petrole, la gesi ao la kuriri. Na akiongea na mtu wa Kigoma, petrole ataiita mafuta ya taa, hata kama hapa wanamcheka.

Mzee alikuwa na swali moja tu. Aliuliza yule Kadhafi ni mtoto wa nani. Mama akamwambia, na mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema atakaporudi atapita kumwona.

Resho sasa inapika. Mama ana bido mbili ukutani, mbali na moto. Mtoto ameziandika kwa makala, herufi kubwa: moja YA KUPIKIA, nyingine YA MOTO. Tulimwambia afute hiyo ya pili na aandike YA PIKIPIKI, maana siku moja mgeni wa Kigoma anaweza kuja kuwasha moto.